Wako Wangapi Leo

Jumatatu, 15 Machi 1971

Mwalimu Majaliwa wa kisomo anataka kila mwanafunzi aandike daftarini kila siku, hata mstari mmoja, mkono uzoee. Herufi za Kiarabu nazijua tangu chuo cha Kurani na Kiswahili changu nilikuwa nikikiandika kwa hizo, natoka kulia. Sasa natoka kushoto. Nilimwuliza, mwanamke wa miaka hamsini na miwili aandike nini kila siku, kwamba nimepika na nimefua? Akanijibu, "Andika hayo hayo, mama."

Basi. Nimepika, nimefua, nimemgeuza Sadallah mara nne. Mvua haijaanza.

Jumanne, 16 Machi

Sadallah ni mume wangu. Mbele za watu namwita Bwana, ila daftari si watu.

Ni fundi wa vioo. Madirisha mengi ya mji huu wa Bagamoyo ameyatia vioo yeye, na picha za maharusi amezitia fremu yeye. Wiki moja baada ya Idi Kubwa alikuwa anakata kioo barazani, nikasikia kioo kimeanguka, nikatoka na maneno yangu mdomoni ya kumsuta. Nikamkuta yuko chini. Kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa, mkono na mguu, na ulimi umebaki na neno moja tu: haya. Njaa ni haya, maumivu ni haya, na asiyetaka uji naye ni haya. Mtu aliyekuwa akibishana na muadhini kuhusu saa.

Kitanda chake nimekiweka ukumbini, na mbele ya kitanda kuna kabati la vioo alilolitengeneza mwenyewe, viungo vyake kaviziba kwa lami. Ndani nusu ni maji, nusu ni udongo, mawe na majani ya mwituni, na juu kuna kifuniko cha wavu. Humo mna vyura. Alikwenda Mkange mwaka juzi kutia vioo shuleni, akarudi na chupa ya vyura wa kijani aliowaokota kwenye migomba, kila mmoja ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na mstari mweupe ubavuni. Niliona haya mbele ya majirani. Wenzangu waume zao huwaletea vitenge. Nilimwambia achague, mimi au wao, akacheka, akasema kabati limeshakauka lami.

Sasa mimi ndiye mlezi wao. Kila asubuhi namwinua, namwegemeza kwenye mito na kumwuliza, "Wako wangapi leo?" Anatazama kwa kituo. Kisha anainua mkono wa kushoto, vidole vitano, anafumba, anainua viwili. Saba. Ndipo najua kwamba Sadallah bado yumo ndani.

Jumatano, 17 Machi

Saba. Joto.

Ijumaa, 19 Machi

Barua imekuja kutoka Pangani, kwa kaka yake mkubwa, Bwanaheri. Anasema mwanamke mmoja hawezi kumlea mtu mzima asiyejiweza. Kwake kuna watoto wa kike watatu na vijana wawili wa kunyanyua, na nyumba ni ya marehemu mama yao, Sadallah kazaliwa humo. Masika yakikatika na barabara ikipitika atakuja na lori la rafiki yake kumchukua. "Nawe shemeji, njoo naye, mlango uko wazi."

Mlango uko wazi. Niende nikawe mgeni mpaka kufa, niombe chumvi jikoni kwa mke wa mtu. Hii nyumba ni ya mama yangu, kaniachia mimi. Kila ufa wa ukuta naujua. Tena wanaomwona Sadallah kama mzigo wa kunyanyua watamlaza chumba cha nyuma, wamlishe, wamwogeshe, na hakuna atakayemwuliza wako wangapi. Ataisha.

Simtoi. Nitamjibu kwamba anapata nafuu, na nafuu yenyewe lazima niwe nayo.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Alhamdulillahi. Inyeshe.

Jumamosi, 27 Machi

Mambo ya vyura, niyaandike nisije nikayasahau. Maji ya bomba hapana, yana dawa. Ni maji ya mvua tu, nami nimeweka pipa chini ya mfereji wa bati. Sabuni isiguse kabati. Mkono wenye mafuta usiingie. Haya yote alikuwa akiniambia mwenyewe zamani, mimi nasonya. Wanavuta kila kitu kwa ngozi, alisema, kila kinachowagusa wanakinywa.

Chakula chao ni vidudu vidogo vilivyo hai. Nimeweka ndizi iliyooza ndani ya chupa, wale nzi wadogo wa ndizi wakaingia na kuzaana, kila jioni namimina kidogo kabatini. Wifi yangu Biubwa, dada yake Sadallah anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapa, kaja kaikuta chupa jikoni.

"Wifi, unafuga nzi?"

"Nawafuga."

"Watu wanawafukuza wewe unawafuga."

"Wanaliwa na vyura."

"Na vyura wanaliwa na nani?" Akakaa akacheka mpaka kanga ikamvuka. Sikucheka. Mwanamke huyu tangu nimeolewa hajapita kwangu bila kutia kidole katika jambo, na kila anapopita anaacha harufu ya marashi mpaka kesho yake.

Alhamisi, 1 Aprili

Saba. Mvua kutwa. Barabara ya Dar imekatika huko Kerege, magari yamenasa tangu juzi. Mto Wami nao umejaa, upande wa Mkange hakuna kinachopita. Nimelala vizuri.

Jumapili, 4 Aprili

Nimemwinua vibaya, kifundo cha mkono kimelia. Kimevimba. Nimekifunga kitambaa. Biubwa akiuliza nitasema nimejigonga kwenye kinu.

Ijumaa, 9 Aprili

Leo kaonyesha sita.

Nimesimama na bakuli la uji mkononi. Nikahesabu mwenyewe: wawili kwenye jani, mmoja juu ya jiwe, mmoja majini kichwa nje, watatu wamebandika matumbo kwenye kioo upande wa huku. Saba. Nikamwuliza tena. Sita. Nikamwonyesha kwa kidole mmoja mmoja, akanitazama kama ninayemfanyia mchezo, akasema, "Haya."

Labda kachoka. Watu huchoka.

Jumamosi, 10 Aprili

Sita.

Jumapili, 11 Aprili

Tano. Sikuweza kula. Kila mara nilipopita ukumbini nimehesabu, wako saba, saba, saba. Vyura wazima, ni yeye anayepungua. Bwanaheri akija akamkuta hajui kuhesabu hata vyura, nitamwambia nini?

Jumatatu, 12 Aprili

Nne. Kisha jioni, saba. Sielewi.

Jumanne, 13 Aprili

Nimeelewa, na bora nisingeelewa.

Nilikuwa nimemletea uji, nikakaa upande wake wa kulia. Akaendelea kutazama mbele kama hakuna aliyeingia. Nikainua kijiko mpaka karibu na shavu lake, hakugeuka. Nikahamia kushoto, akanitazama mara moja na kufungua mdomo. Nikachukua kofia yake, nikaipitisha polepole mbele ya uso wake kutoka kushoto. Macho yakaifuata mpaka katikati, yakaiacha.

Upande wa kulia haoni. Anawahesabu vyura walio upande wa kushoto wa kabati, na wale wa kulia kwake hawapo. Jana jioni walikuwa wamekusanyika wote kushoto, ndiyo maana akapata saba.

Nimekwenda hospitali chini ya mwavuli, nimemweleza daktari. Akasema huenda ni hivyo tangu siku ya kwanza, ila macho yalikuwa yakihangaika kuutafuta upande huo mpaka yakachoka. Kiharusi hutokea kikachukua nusu ya kuona na jicho lenyewe ni zima. Akasema nikae kushoto kwake, chakula kushoto, na nimfundishe kugeuza shingo. Nikamwuliza habari ya akili yake. Akasema, "Anakuhesabia sawasawa kile anachokiona, mama. Hiyo si akili?"

Njia nzima nilikuwa nalirudia neno hilo. Lakini Bwanaheri si daktari. Yeye ataona mtu haoni, hasemi, hasimami.

Jumatano, 14 Aprili

Kabati na maji yake sikuweza kulisogeza, nimelipanga upya. Nimepanda majani yote upande wa kushoto, na jiwe, na kule kulia nimeacha maji matupu. Nzi nawamimina kushoto. Mpaka alasiri sita walikuwa wamehamia, wa saba ni mkaidi, nimemsukuma kwa unyoya. Kesho asubuhi tutaona.

Alhamisi, 15 Aprili

Saba. Nimesali rakaa mbili za shukrani kisha nikaona aibu, maana nani kamponya nani hapa? Nimehamisha mawe tu.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimeandika barua yangu ya kwanza kwa herufi hizi. Mwalimu Majaliwa kasahihisha maneno mawili. "Shemeji Bwanaheri, salamu nyingi. Mgonjwa hajambo, anaendelea. Akili yake ni timamu, kila asubuhi anahesabu vyura wake saba bila kukosea. Usipate taabu ya kuja." Habari ya macho sikuiandika. Mwalimu kasifu mwandiko.

Jumanne, 20 Aprili

Bwana afya anapita nyumba kwa nyumba kukagua maji yaliyotuama, ana askari na kopo la mafuta ya taa la kumimina. Nilisikia sauti yake kwa jirani, nikalitupia kabati kanga mbili na juu yake nikaweka msahafu kwenye marfaa. Kaingia, kakagua mitungi, kasimama mbele ya kabati, kauona msahafu, kavua kofia. "Mgonjwa anaendeleaje, mama?" "Anaendelea." Sadallah akasema, "Haya." Yule bwana kaondoka. Mola anisamehe kwa kukifanya kitabu chake kitasa.

Jumapili, 25 Aprili

Saba. Kifundo kimevimba zaidi, natumia mkono mmoja na bega. Sadallah leo alikuwa anakitazama kile kitambaa, nikakificha chini ya kanga.

Jumapili, 2 Mei

Shimo la choo la majirani limebomoka. Mpunga wa watu bondeni umekwenda na maji. Msikitini wameomba dua mvua ipungue, na wanawake tumeomba nyumbani kwa Biubwa. Wenzangu wote wamesema amin. Mimi nimesogeza midomo.

Nikirudi nimefikiri, nimekuwa mtu gani, naombea watu mafuriko ili nisinyang'anywe mume. Sikuifuta dua yangu lakini.

Jumapili, 9 Mei

Saba. Mvua asubuhi tu.

Jumatano, 12 Mei

Saba. Manyunyu.

Jumamosi, 15 Mei

Jua kutwa. Nimeanika godoro. Watu wanapita wanasema afadhali, afadhali. Lori la Dar limefika sokoni, la kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatatu, 17 Mei

Barua ya Bwanaheri, fupi. "Nimefurahi kusikia. Nitakuja kumwona kwa macho yangu. Ijumaa au Jumamosi inshallah, kupitia Tanga na Dar." Hakusema atakuja na lori tupu au vipi. Lori haliji tupu bila sababu.

Biubwa kaja na wazo. Huu ni Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, tusome maulidi ya wanawake hapa hapa ukumbini kwa mgonjwa, Alhamisi baada ya alasiri. Nilitaka kukataa, nina mengi. Kisha nikafikiri, Bwanaheri akija akute nyumba imesomewa, inanukia, ina watu. Ajue hapa hakuachwa mtu. Nikakubali.

Jumatano, 19 Mei

Nimefanya jaribio. Nimemwuliza mara tatu, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Saba, saba, saba.

Alhamisi, 20 Mei

Wanawake kama ishirini. Sadallah tulimvalisha kanzu nyeupe na kofia, tukamzungushia pazia kichwani mwa kitanda kwa heshima, uso wake ukabaki kwenye kabati lake. Mwanamke msomaji kasoma vizuri. Tulipofika pale pa kusimama kumsalia Mtume tukasimama wote, chetezo kikapita na udi, mimi niko mlangoni napokea wageni waliochelewa. Biubwa ndiye aliyeshika mrashi wa marashi. Akawanyunyizia watu vichwani, viganjani, akaingia ndani ya pazia akamnyunyizia kaka yake, nikamwona analia kweli. Nikampenda kwa dakika ile.

Baada ya dua, tunagawa haluwa na kahawa, ananiambia, furaha tupu, "Na wale viumbe wako sikuwasahau, wifi. Nimewafungulia nikawamwagia kidogo, nao wapate baraka. Nimemaliza chupa."

Sikuweza kuacha wageni wakiwa na vikombe mkononi, mila hairuhusu, na Biubwa kafanya alichofanyiwa na mama yake na bibi yake: kinachopendwa hunyunyiziwa. Nikatabasamu na kugawa haluwa. Nadhani ilipita robo saa mpaka wa mwisho katoka. Nilipofungua wavu harufu ilinipanda puani. Nikawatoa mmoja mmoja kwa majani ya mgomba, nikawatia kwenye karai la maji ya pipa, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Walikuwa wamelegea. Kabati lote nimelimwaga uani, mawe nimeyasuuza mara saba, nimelijaza upya. Magharibi ilinikuta bado nasuuza. Sadallah alikuwa ananitazama muda wote. "Haya," anasema. "Haya, haya."

Ijumaa, 21 Mei

Wanne wamekufa.

Nimewakuta nilipotoka kusali alfajiri, wamegeuza matumbo. Nimewatoa, nimewaweka kwenye kisahani na kukifunika kwa kawa. Watatu wanapumua, wako kushoto kwenye jani. Kabati nimelifunika kanga. Leo sikumwuliza swali langu. Kainua mkono mwenyewe kunionyesha kanga niiondoe, nikajifanya sikuona.

Nilifikiri kwenda bondeni kutafuta wengine, lakini wale walitoka Mkange, huku sijawahi kuwaona, na nani atabaki naye? Nilifikiri kumwambia Bwanaheri kwamba leo mgonjwa kalala vibaya, asisumbuliwe. Nimefikiri uongo wa kila aina, saa tatu tu za asubuhi. Kisha lori likapiga honi barazani.

Nimeandika mpaka hapa kabla ya kufungua mlango.

Jumamosi, 22 Mei

Naandika ya jana.

Bwanaheri kazeeka. Mawazo yangu yalikuwa yanamchora mtu mkubwa mwenye sauti, kaingia mzee mwenye vumbi la Chalinze kwenye nyusi, viatu mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mwanangu. Hali zenu? Yuko wapi?"

Nilimwelekeza kushoto kwa kitanda bila kusema kwa nini. Wakatazamana. Sadallah uso ukamtanuka nusu, mkono wa kushoto ukamshika kaka yake shingo. "Haya. Haya. Haya." Bwanaheri kapangusa macho kwa kofia. Kanywa maji, kauliza usingizi, choo, chakula. Kisha akasema, "Uliniandikia habari ya vyura."

Nikasema ndiyo.

"Nimewaeleza watu wote Pangani. Nionyeshe, shemeji."

Biubwa naye alikuwa ameshafika, kasimama mlangoni. Hakukuwa na pa kukimbilia. Nikaiondoa kanga. Nikamwuliza, "Bwana, wako wangapi leo?"

Katazama. Kaanza juu kwenye majani, kashuka kwenye jiwe, kapita majini. Halafu, jambo ambalo hajalifanya tangu augue, kageuza shingo yake, polepole, mpaka kabati lote likawa kushoto kwake, akatafuta na upande ule mtupu. Nikajua anawatafuta. Nikataka kumfunika macho. Akanitazama mimi, si kabati, akainua vidole vitatu.

Bwanaheri akasubiri vingine. Havikuja. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionikata, "Shemeji, uliandika saba."

Nikinyamaza, mume wangu ni mtu asiyejua tatu na saba. Nikakileta kisahani, nikafunua kawa. Nikamwambia wanne wamekufa usiku wa kuamkia leo, naye Sadallah hakuambiwa na mtu. Nikamwambia na la macho, kwamba haoni kulia, kwamba nilimfichia, kwamba nilikuwa nikiwasukuma vyura kwa unyoya. Yote yakatoka kwa pamoja. Biubwa akauliza wamekufaje. Nikasema maji yaliwakataa. Akatazama mrashi uliokuwa bado juu ya meza, akakaa chini, akajifunika uso. Kumbe si mjinga, na mimi miaka ishirini na tisa nimemhesabu mjinga.

Bwanaheri alikiweka kile kisahani magotini, akawahesabu wale wanne kwa kidole. "Basi akili anayo," akasema. Nikafikiri nimeshinda. Naandika kama lilivyo: moyo ulinicheka, wanne wamekufa na mimi nafurahi.

Akaendelea. "Kama akili anayo, tunamzungumzia juu ya kichwa chake kwa nini? Na aulizwe." Akamgeukia. "Sadallah, ndugu yangu. Mkeo anataka ubaki. Mimi nataka uje nyumbani. Wewe unataka wapi? Pangani?"

"Haya."

"Au hapa?"

"Haya."

Bwanaheri akacheka kidogo na machozi yake. Akaweka mkono wake kitandani, akaniambia niweke wangu. "Shika wa unayemtaka."

Sadallah kashika wangu. Nikavuta pumzi. Lakini hakuishia hapo. Kakivuta kitambaa cha kifundo kwa vidole, kikafunguka, kikaanguka juu ya shuka. Kauinua mkono wangu kumwonyesha kaka yake, ulivyovimba, rangi yake ya bilingani. Kaushikilia hapo mpaka akahakikisha Bwanaheri ameuona. Kisha kauweka kifuani kwake mara moja, kauachia, na mkono wake ukaenda ukashika kanzu ya kaka yake.

Nilikasirika. Sitaficha, daftari si watu. Nilikwenda jikoni nikavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa. Masika yote nimempigania, nimeombea watu mafuriko, nimeficha maji kwa msahafu, naye anakwenda. Tena anakwenda kwa ajili yangu, mimi niliyedhani napigana kwa ajili yake. Biubwa akanifuata, akachukua shoka mkononi mwangu, akapasua mwenyewe.

Baadaye, nilipokuwa napika, likaja jambo hili na halijaondoka. Tangu augue, kila asubuhi nimemwuliza wako wangapi. Unataka nini, wewe Sadallah, sikumwuliza hata mara moja. Niliogopa watu wa Pangani hawatamwuliza.

Jumapili, 23 Mei

Wawili. Biubwa kaomba abaki nao na funguo za nyumba. Nimemwonyesha pipa, chupa ya nzi, unyoya. Kasugua mikono kwa majivu mpaka viwiko kabla ya kugusa wavu. Anaogopa, nami naogopa zaidi, sijui kama watafika wiki ijayo. Nimemsikia akiwaambia kwa sauti ndogo kwamba hakukusudia.

Jumatatu, 24 Mei

Tumepakia. Mwalimu Majaliwa kanipa daftari jipya na barua kwa mwalimu wa kisomo wa Pangani. Mvua hakuna hata tone.

Jumapili, 30 Mei, Pangani

Vijana wanamgeuza, mimi nakaa. Sijui pa kuweka mikono. Shaikha, mke wa Bwanaheri, kaniachia jiko la nje peke yangu asubuhi, chumvi iko kwenye kopo la bluu. Sijazoea. Nimelia mara mbili, uani, hakuna aliyeona.

Asubuhi hii nilikuwa nimeshachota uji kwenye bakuli. Nikaurudisha. Nikakaa kushoto kwake, nikaweka kikombe cha chai huku na bakuli la uji huku, yote mahali anapoona.

"Unataka nini?"

"Haya," akasema.

"Najua haya. Unataka nini?"

Akanitazama, akatazama chai, akatazama uji. Nyuma yangu watu wanapita na ndoo, wananisalimu, siitikii. Mkono wake uko juu ya shuka, haujaamua bado. Nikangoja.